Matone kwenye sikio la Bahati

Bukavu, Jumamosi jioni

Sungura akiumwa halalamiki. Mbuzi atalia, kuku atajikunyata pembeni na manyoya yamemsimama, mbwa atakuja kukuonyesha mguu wenye mwiba. Sungura ataendelea kutafuna mbele ya macho yako kana kwamba hana neno. Ni mnyama wa kuwindwa, na kwa awindwaye kuonyesha unyonge ni kujitoa. Jambo hili limenikaa moyoni majuma haya, kila ninapompakata sungura wangu Bahati na kichupa cha dawa mkononi.

Bahati ni jike, wa kijivu, ana masikio marefu kuliko kiganja changu. Kibanda chake kiko nyuma ya jiko letu, huku Kadutu, ambako nyumba zimebanana mlimani na majirani wanasikia kila kinachosemwa uani. Alianza kutikisa kichwa na kujikuna kwa mguu wa nyuma. Nikafunua sikio la kulia: magaga ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, yameshuka mpaka ndani, na harufu ya kidonda. Nilipogusa ukingo tu, mwili wake wote ulishtuka. Na bado alikuwa anakula.

Mama alinikuta najiandaa kwenda kwa veterineri, daktari wa mifugo, akasema, "Mwanangu, pesa ya dawa kwa sungura? Umuchinje kabla hajakonda." Hakusema kwa ubaya. Hapa Kivu ya Kusini sungura ni mfugo wa mwenye uwanja mdogo: anakula majani, anabeba mimba siku 31 hivi, na watoto wake wakikua wanageuka daftari, sare na ada ya shule. Mimi mwenyewe nimesoma kwa pesa za namna hiyo. Nilimjibu tu, "Mama, hata wa kuchinjwa anaumwa." Alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha zamani ili nimfunikie Bahati njiani.

Veterineri alichungulia kwanza kwa kile kifaa chenye taa. Alitaka kuhakikisha kiwambo cha sikio hakijatoboka, kwa sababu kikitoboka, dawa inayotibu nje inaweza kudhuru ndani. Kisha akasema ni utitiri, aina iitwayo Psoroptes cuniculi. Wadudu hao hawachimbi ngozi, wanaishi juu yake wakiichokoza, na magaga yale ni majimaji ya kidonda yaliyokaukia pamoja na ngozi mfu na vinyesi vyao. Kwa binadamu hawakai. Alimchoma sindano ya ivermectini chini ya ngozi, akanieleza kwa nini lazima turudi baada ya wiki mbili: dawa ile inaua wadudu lakini haiui mayai, na toka yai mpaka mdudu mzima ni kama wiki tatu. Asiyerudi anawapa nafasi watoto wa wale waliokufa. Kwa vidonda vilivyoingia bakteria alinipa matone ya nyumbani.

Katazo moja lilikuwa gumu kulitii: nisibandue magaga. Mkono unataka kusafisha, ndivyo tulivyolelewa. Lakini chini ya gaga kuna nyama mbichi, na kulitoa ni kumchuna akiwa hai. Wadudu wakifa, magaga yanaachia yenyewe.

Na hili naliandika kwa ajili ya kila mwenye sungura mjini kwetu, kwa sababu dawa tunazinunua kirahisi mno: msimpe sungura amoksisilini ya kumeza. Inaua bakteria wema wa tumboni mwake, wabaya wanachukua nafasi yao na kutoa sumu, anaharisha na kufa. Ile dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili nayo ni hatari kwake. Mtu anaweza kuua kwa huruma kabisa.

Basi kila jioni tunakaa chini kwenye mkeka, mimi na mdogo wangu. Sakafuni, siyo mezani, maana sungura akiruka vibaya au akirusha miguu ya nyuma kwa nguvu bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo. Kitenge cha Mama kinatandazwa, Bahati anawekwa katikati, upande mmoja unapita kifuani, wa pili unabana mapaja, kinabaki kichwa tu, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mdogo wangu anamkumbatia kwa mkono mmoja kifuani na mwingine nyuma. "Dada, moyo wake unakimbia," huniambia kwa sauti ya chini. Nami namwambia ndivyo ulivyo, hata akiwa ametulia unapiga mara 180 na zaidi kwa dakika. Hata hivyo tunasubiri.

Kichupa nakuwa nimekishika kiganjani muda wote huo, kipate joto la mwili. Huku kwetu jioni za mvua zina baridi, na tone la baridi likiingia sikioni humpa kizunguzungu. Nainua sikio taratibu bila kulivuta, naacha matone yatelemke ubavuni, halafu nashika shina la sikio na kulikanda kwa vidole viwili. Njia ya sikio la sungura inashuka kisha inakata kona kuingia ndani, usipokanda dawa inaishia konani. Ukikanda vizuri unasikia mlio wa majimaji, na hapo unajua imefika. Nikimwachia anatikisa kichwa na kunirushia nusu ya mabaki usoni.

Umeme ukiwa umekatika, tunatumia tochi ya simu.

Majani ya viazi vitamu yanafuata papo hapo, na hapo ndipo ninapomwangalia kwa makini kuliko wakati mwingine wowote. Sungura asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa wa kukimbizwa, kwa sababu tumbo lake likisimama haliwashwi tena kirahisi. Nahesabu hata kinyesi chake.

Lililonihuzunisha ni kumwona akikimbilia pembeni kila aliposikia mlango wa kibanda. Basi nikaanza kwenda pia mchana, mikono mitupu, nakaa tu karibu naye, kisha namkuna kati ya macho. Sitaki mkono wangu umaanishe dawa peke yake. Siku hizi anatoka kunusa vidole kabla hajaamua.

Magaga ya sikio la kulia yameshaanguka. Chini yake kuna ngozi ya waridi na vinyweleo vinaanza kuota. Nyasi za kibanda tumechoma, mbao tumezimwagia maji ya moto na kuzianika juani, kwa sababu utitiri huweza kuishi nje ya sungura kwa siku nyingi. Mama ndiye aliyesimamia kuchemsha maji, na ndiye aliyewaambia majirani wakague wa kwao. Leo jirani wa nyumba ya chini alileta dume lake. Tulimfunua masikio tukiwa sote uani: la kushoto lina punje za kahawia, ndogo, ndiyo kwanza zinaanza. Sindano ya pili ya Bahati ni Jumatatu. Tutakwenda nao wote wawili.