Nje wapi?

Ukilala mchana kama mimi, kichwa kikiuma humtafuti mchawi. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Dakota Kusini, Marekani. Natoka saa moja asubuhi, nakunywa uji, najifunika blanketi tatu. Kwa hiyo wiki ile ya Januari, nilipoanza kuamka na kichwa kizito na kichefuchefu, nilimeza vidonge vya maumivu nikaendelea na maisha. Homa sikuwa nayo. Ajabu ni kwamba nikishakaa kazini kwa muda wa saa moja au mbili hivi, kichwa kinapona chenyewe. Nikasema basi, nimeanza kuipenda kazi.

Naishi kwenye karavani ya kuvutwa na gari, kuukuu kidogo, niliyouziwa na mstaafu mmoja. Haijaegeshwa uwanjani. Iko ndani ya banda la bati la mzee mkulima, banda la trekta, kuta tatu na upande wa mashariki wazi. Kodi yake ni ndogo kuliko chumba cha mjini, na theluji hainiangukii kwenye paa. Kilichobaki ni upepo. Upepo wa huku unatoka Kanada bila kupumzika njiani. Alhamisi moja nikanunua turubai kubwa la bluu, mzee akanishikia ngazi, tukalifunga kwa kamba upande ule uliokuwa wazi, tukabakiza upenyo wa kupita mtu. Jioni ile karavani ilipata joto haraka mpaka nikavua soksi. Nilijipongeza kweli.

Mama yuko Njombe, na Njombe baridi tunaijua. Mwezi wa sita na wa saba watu huingiza jiko la mkaa chumbani, na wako ambao hawakuamka. Msiba wa kwanza wa namna hiyo nilikwenda nikiwa darasa la tano. Kwa hiyo kila nikipiga simu swali ni lilelile.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hilo jiko lako unalitoa ukilala?”

“Hili halitolewi mama, limejengewa ukutani. Moshi wake unatoka nje wenyewe.”

“Nje wapi?”

Nilicheka. Ningemjibu nini? Nje ni nje.

Hita ya karavani ni kifaa cha adabu, nisikisingizie. Moto wa gesi unawaka kwenye kisanduku chake kilichofungwa, haukutani na hewa unayovuta wewe. Ubavuni mwa karavani kuna matundu mawili yaliyokaribiana: moja linavuta hewa ya kuunguza gesi, jingine linatema moshi. Friji nayo, ikiwashwa kwa gesi, ina tundu lake. Mashine ya maji moto vilevile. Vyote vinatema nje, na aliyevitengeneza alikuwa akiwaza anga, shamba, upepo. Hakuwaza banda lenye turubai la bluu.

Jumatatu saa nane mchana king'ora kikalia. Ni kile kidogo cha kaboni monoksaidi, ile sumu ya moshi, nilichokipachika karibu na kitanda, chenye kioo cha namba. Kilikuwa kinasoma 88, yaani sehemu 88 za sumu hiyo katika kila milioni ya hewa. Nilitoka na blanketi na viatu vya mvua, nikaacha mlango wazi, nikapiga 911, namba ya dharura, nikiwa barabarani. Zimamoto wa huku ni wanakijiji wa kujitolea, wakaja na kipimo chao. Ndani ya karavani kikasoma karibu na changu. Mmoja akakipeleka ubavuni, kwenye uwazi kati ya karavani na ukuta wa bati. Hapo namba ikapanda zaidi. Nje kulikuwa kubaya kuliko ndani!

Akanieleza polepole. Hita ilikuwa inavuta moshi wake yenyewe. Oksijeni ikipungua bandani, gesi haiungui sawasawa, ndipo kaboni monoksaidi inapozidi, na hiyo hiyo inavutwa tena, inapenya madirishani, inaingia hadi kwenye mto. Haina harufu. Ule uvundo wa mayai viza tunaoujua kwenye gesi ni dawa inayotiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Ikishaungua, haunusi kitu. Mzee mwenye banda alikuwa amesimama pale akivuta hewa kwa pua, eti anatafuta.

Kwa nini king'ora kilichelewa siku nne? Kumbe ndivyo kilivyopangwa. Kwenye 70 kinaweza kusubiri kati ya saa moja na saa nne kabla ya kulia, na chini ya hapo kinanyamaza. Siku zile za kichwa nadhani namba ilikuwa pale kwenye kioo. Sikuwa nikiitazama.

Turubai tuliliteremsha jioni ileile. Kesho yake mzee akaleta trekta, tukaisogeza karavani mbele mpaka pua yake yenye mitungi miwili ikawa chini ya anga, na ubavu wenye matundu ukaelekea upande ulio wazi. Wakati wa kuisogeza ndipo nilipoona kilichokuwa chini ya kitanda changu: mbao, na chini ya mbao shimo la fundi la kubadilishia oili, linafika kifuani. Miezi mitatu nimelala juu yake. Propani, ndiyo gesi ya mitungi ile, ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja haipandi ikapotea, inatambaa sakafuni na kujaa penye bonde. Lile lisingekuwa banda tena, lingekuwa bomu lenye kifuniko cha mbao. Hiyo ndiyo sababu kitambuzi cha gesi hufungwa chini karibu na sakafu, tofauti na kile cha kaboni. Changu kilikuwa cha mwaka 2013, rangi imegeuka ya chai. Hivi vifaa huisha muda baada ya miaka mitano hadi saba. Nimenunua kingine.

Sasa nikibadilisha mtungi nachukua kopo la maji ya sabuni na brashi ya rangi, napaka kwenye nati, kwenye regyuleta, kwenye mpira wote. Mwezi wa pili nilipata povu moja, dogo kama kichwa cha kiberiti, linavimba, linapasuka, linavimba tena. Nikakaza nati robo mzunguko, likaacha.

Friji nimeihamishia umeme wa mzee, na hita ndogo ya umeme inanitosha mpaka baridi izidi. Ya gesi siwezi kuiacha kabisa kwa sababu ndiyo inayopasha mabomba ya maji chini ya sakafu yasigande. Jiko la kupikia ni la kupikia tu, dirisha likiwa wazi kidole kimoja. Ukiliotea moto, licha ya hewa chafu, kilo ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, yote yanakugandia kwenye vioo.

Mama nilimsimulia mwezi wa tatu, baridi ilipopungua. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

“Na hilo turubai liko wapi?”

Nikamwambia mzee amefunikia nyasi za ng'ombe. Akasema sawa, akaniuliza kama nimekula.