Nilivyowanyamazisha wamwaga sumu kwa daftari la hesabu

Nilipotaka kuzuia mbwa wa kata yetu wasiuawe kwa sumu, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: "Mwalimu, piga picha mbwa wakiwa wanakata roho, tupia mtandaoni, watu watalia, wakubwa wataona aibu." Walionishauri ni vijana wenye nia njema, wengine nimewafundisha mwenyewe. Lakini mtaa uliowahi kumzika mtoto kwa kichaa cha mbwa haulii kwa picha ya mbwa aliyekufa. Jirani yangu aliitazama ile picha akasema neno moja tu: "Afadhali." Na ningemjibu nini? Ugonjwa huu dalili zikishaanza, ndugu wanabaki kungoja msiba. Watafiti waliwahi kukadiria kwamba Tanzania peke yake hupoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, na wengi wao hawaingii kwenye takwimu za hospitali kwa sababu wanafia nyumbani.

Desturi ya kata yetu (siitaji, wahusika bado tunasalimiana) ilikuwa hivi: mtu aking'atwa, kelele zinapigwa, na kabla wiki haijaisha nyama yenye sumu inatupwa mitaani usiku. Asubuhi mbwa wamejaa mitaroni. Wangu alikuwemo, na kadi yake ya chanjo ninayo mpaka leo.

Basi nikaenda kwa mtendaji wa kata na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nimeichapisha na kupigia mistari. Akanisikiliza vizuri tu, halafu akasema, "Mwalimu, sheria ninayo kabatini. Nikiacha sumu, nifanye nini? Ukisema chanjo, mbwa ni wangapi, niombe dozi ngapi?" Nikakaa kimya. Hakuna aliyejua. Kila mtu alikuwa na jibu moja: mbwa koko hao, hawana wenyewe, hawahesabiki.

Hawahesabiki! Unamwambia hivyo mwalimu wa hisabati?

Njia ya kuhesabu wanyama wasiotulia ni ya siku nyingi, wanaitumia hata kwa samaki. Unatia alama baadhi, unawaacha, unarudi. Tuseme umetia alama mbwa 40. Kesho yake unapita njia zile zile unaona mbwa 50, na 20 kati yao wana alama. Zidisha 40 kwa 50, gawanya kwa 20: una mbwa 100, wakiwemo ambao hujawaona kabisa. Ubaoni ni raha tupu.

Nikanunua rangi ya kutia ng'ombe alama duka la pembejeo, nikachukua wanafunzi wa kidato cha pili wasioogopa mbwa, tukaingia mitaani alfajiri kabla jua halijawasukuma mbwa uvunguni. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Doa moja jekundu mgongoni, tunasonga. Kesho yake tunarudi, kila mbwa ana doa! Nikafurahi kidogo, kisha nikaona doa la bluu. Kisha mbwa mwenye miwani ya chokaa. Kisha mbuzi. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wameona mchezo mtamu, wakamalizia na kuku wa Mama Mwajuma, ambaye alikuja shuleni kumtafuta "mwalimu wa rangi". Kwa mujibu wa hesabu yangu ya siku ile, mbuzi nao walihitaji chanjo ya mbwa.

Ndipo tukahamia kwenye simu. Badala ya kumpaka mbwa, unampiga picha ubavu wa kulia na wa kushoto. Sikio lililokatika, mkia uliopinda, soksi nyeupe mguu wa nyuma: hizo ndizo alama zenyewe, na hakuna mtoto atakayezighushi. Jioni wanafunzi wanakaa na picha kulinganisha. Gharama ni bando, na soda za wanafunzi, ambazo nakuambia zilizidi bando.

Halafu nyumba kwa nyumba. Hapa ndipo najisifu waziwazi. Ukibisha hodi na kuuliza "Mna mbwa?", utajibiwa "Hatuna" na huku mbwa amelala miguuni pa anayekujibu. Watu wanadhani unatoza ushuru, au mbwa aliyemng'ata fulani anatafutwa. Nikabadili swali. Nikawa namaliza salamu zote, naulizia hali ya wezi, kisha nasema, "Na usiku hapa kwenu nani analinda?" Hapo mbwa anaitwa kwa jina lake. Swali la pili: "Makombo ya ugali anakula nani?" Hapo unapata na majina ya watoto wa mbwa. Kama kuna mtoto wa miaka sita nyumbani, muulize yeye, baba atakupotezea muda.

Tulipoweka picha za barabarani pembeni ya majibu ya majumbani, ile hadithi ya mbwa koko ikaisha. Wengi mno wa wale waliokuwa wakizurura walikuwa na kwao, na jina, na mtu wa kuwapa makombo. Ila hawafungwi, basi. Kwa hiyo sumu ilikuwa inaua mbwa wa wapiga kura. Nikaiandika hivyo hivyo, "mbwa wa wapiga kura", maana nilijua nani atasoma.

Kituo cha afya niliandika barua kwa mganga mfawidhi, nikaomba idadi tu bila majina. Waling'atwa zaidi watoto, na mara nyingi ni na mbwa wa nyumbani au wa jirani. Nikapiga hesabu ya sindano: chanjo ya mtu baada ya kung'atwa ilikuwa elfu thelathini na kitu kwa sindano moja, na sindano si moja, weka na nauli ya kwenda na kurudi wilayani. Ya mbwa kwa kulinganisha ilikuwa hela ya vocha.

Afisa mifugo, kijana mpole ambaye siku zote alikuwa akipinga sumu ila hasikilizwi, ndiye aliyenipa tafiti. Serengeti, miaka ya tisini mwishoni, walichanja mbwa kati ya asilimia 60 na 70 vijijini. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa kwa mbwa kilishuka kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Pemba walikikata mwaka 2014, kikarudi 2016, wakachanja tena, kikakatika 2018. Mfano wa nje nilitumia mmoja tu, Bali, kisiwa cha Indonesia, ambako waliua mbwa kwa maelfu kuanzia 2008 ugonjwa ukazidi kusambaa, ukaanza kupungua walipochanja kisiwa kizima. Ukileta mifano mingi ya nje watakuambia hayo ni ya wazungu.

Kwenye kamati ya maendeleo ya kata nilipewa dakika chache, mwisho wa ajenda, watu wanaangalia saa. Nikagawa karatasi moja tu. Sikutaja huruma hata mara moja. Nikauliza: nyama ya sumu ikitupwa, nani anaikimbilia? Ni yule mpole aliyezoea watu, yule yule aliyekubali kushikwa akachanjwa. Mkali anayekimbia watu anabaki. Kisha mwenye nyumba, kwa kuwa wezi hawajapungua, anakwenda kijiji cha pili kuchukua mtoto wa mbwa asiye na chanjo. Kwa hiyo tunalipa hela kuwaondoa waliochanjwa na kuwaleta wasiochanjwa.

Diwani akaichukua karatasi, akaisoma upya. "Mwalimu, hii hesabu nani kaikagua?" Nikamwambia ikaguliwe na yeyote, picha zote zipo. Mzee mmoja akadakia kwamba hata mbwa wake yumo, ukurasa wa pili wa albamu, sikio moja.

Sumu haijamwagwa tangu hapo. Chanjo tulifanya 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uwanja wa shule. Watoto ndio waliowaleta mbwa, wamewafunga kwa kanga, mikanda na waya wa antena. Siku zilizofuata tukatembea tena na simu kuona tumefika wapi: karibu na ile asilimia 70 wanayoitaka wataalamu, ila mtaa wa bondeni tuko chini. Kule wanafuga mbwa wa kuwindia na wanaondoka alfajiri mno. Mwaka huu afisa mifugo ataanzia huko jioni, wakirudi.