Namba ya simu si nywila ya Wi-Fi

Nyumba nyingi Wi-Fi hufunguliwa kwa namba ya simu ya baba au mama mwenye nyumba. Haisahauliki, ila kuibashiri nako ni kazi ndogo. Kwa Tanzania namba za mkononi zinaanza na 06 au 07, zikifuatwa na tarakimu nane: jumla milioni 200. Mwizi hazijaribu moja moja mlangoni kwako. Hunasa hewani salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapounganishwa kwa WPA2 (mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi), akaenda kuzichambua kwake. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha hujaribu nywila laki kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo zote zinamalizika ndani ya saa moja na ruta yako haina habari.

Dawa ni urefu. WPA2 inapokea herufi 8 hadi 63, basi unga maneno matano yasiyojuana: koleo-mbuni-tanuri-ijumaa-shati. (Hili limeshaanikwa hapa, tunga lako.) Methali usiweke; wabashiri nao wanazijua.

Kubadilisha, andika kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye stika ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiingia kwa jina admin na nywila admin, anza kubadili hiyo. Anayefika humo anaweza kugeuza DNS (huduma inayoelekeza jina la tovuti kwenye kompyuta yake), ukaandika anwani ya benki ukaangukia tovuti ya matapeli.

Halafu zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila. PIN yake ina tarakimu 8, lakini udhaifu uliotangazwa 2011 ni kwamba ruta huikagua nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile za mbele. Majaribio 11,000 yanatosha, hata nywila yako iwe ndefu namna gani. Ruta mpya hujifunga baada ya makosa kadhaa. Za zamani nyingi hazijifungi.

WPA3, mrithi wa WPA2, ikiwepo, chagua ile ya mchanganyiko, WPA2/WPA3. Ukiweka WPA3 peke yake, runinga na kamera za zamani zitagoma kuunganishwa, utadhani nywila imekosewa.

Wageni wape mtandao wao. Simu ya Android 10 na kuendelea ikishaunganishwa, mwenye nayo anaweza kumwonyesha mwenzake msimbo wa QR wenye nywila yako.

Kuficha jina la mtandao ni kujisumbua: simu zako zenyewe zitakuwa zinaliita kila ziendako.