Moton Field, walikoanzia marubani wa Tuskegee

Wakitajwa marubani weusi wa jeshi la Marekani waliofunzwa Tuskegee, Alabama, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wengi hudhani kiwanja kilikuwa kimoja. Vilikuwa viwili. Moton Field, kilichojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hisani wa Julius Rosenwald, kilikuwa cha hatua ya kwanza ya mafunzo tu. Aliyefaulu alihamia kiwanja cha jeshi, akarushe ndege za mafunzo ya hatua zilizofuata, BT-13, kisha AT-6.

Wakati huo Moton ilikuwa nyasi, hakuna lami. Ndege kuu: Stearman PT-17, mabawa ya juu na chini, injini ya nguvu za farasi 220. Mwalimu mbele, mwanafunzi nyuma, maelekezo ya mwalimu yanapita kwenye bomba la mpira hadi masikioni mwa kofia ya mwanafunzi. Kujibu hakuna!

Balaa ni kutua. Magurudumu ya mbele yamekaribiana na uzito uko nyuma yake. Mkia ukienda upande, mguu ukachelewa kwenye pedali, ndege inajizungusha na ncha ya bawa la chini inalima ardhi. Kasi ikipungua ndiyo mbaya zaidi, maana usukani wa mkia haupati upepo wa kutosha.

Darasa la kwanza, Julai 1941, walianza 13. Machi 1942 walihitimu 5, akiwemo Benjamin O. Davis Jr., aliyekuja kuwa kamanda wao.