Tarehe 3 mwezi wa 4

Jana binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake: "Mama, tarehe inaanza siku au mwezi?" Nikamjibu siku, halafu mawazo yakanipeleka Moshi, kwenye kile chumba chetu, mwaka ule wa sampuli za choo.

Tulikuwa tunachunguza bakteria wa tumboni. Sampuli za watoto zilikusanywa na timu mbili, zikasomwa maabara mbili. Wengine walisoma kipande kiitwacho V4 cha 16S, jeni inayotumika kutambua bakteria, wengine V3 na V4 kwa pamoja. Hilo lina dawa: unakata herufi za DNA mpaka wote wabaki na kipande kimoja. Earth Microbiome Project, mradi wa kuorodhesha vijidudu vya dunia nzima, walipounganisha sampuli 27,751 kutoka tafiti 97, matokeo yakatoka mwaka 2017, walikata mpaka herufi 90 ili zilingane. Lakini tarehe huwezi kuikata. Timu moja ilianza na siku. Kompyuta ya timu ya pili iliwekwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele. Sasa kwenye jedwali la pamoja, 03/04 ni kabla ya masika au ndani yake? Na sisi tulikuwa tunatafuta msimu hasa. Utafiti kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, wa mwaka huo huo 2017, ulishaonyesha kuwa baadhi ya bakteria wa tumboni hupungua wakati wa mvua na kurudi kiangazi.

Nikamwomba Sista aliyekuwa akizunguka vijijini kwa timu ya kwanza aje na kaunta buku yake. Alikuja jioni, umeme umekatika, tukasogea dirishani. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu na kushikana. Akazibandua kwa ukucha, moja moja, zisichanike. Pembeni ya kila namba ya mtoto alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maelezo ya kudai nauli. Nikawa nasoma namba, yeye anashuka na kidole. Kikasimama.

"Huyu hapa. Nimeandika: utelezi, boda amegoma, nimepanda kwa miguu. Mdogo wangu, hiyo ni Aprili. Machi tarehe 4 kule Uru ungekula vumbi."

Nikaandika mwaka, mwezi, siku: 2018-04-03. Kabla sijataja namba nyingine akaanza kunisimulia jinsi mtoto yule alivyokataa kukaa kwenye poti mpaka bibi yake alipomwimbia. Niliacha kuandika, nikamsikiliza.

Daftari lile lilitupa tarehe za upande wake. Za timu ya pili zilizobaki na utata tuliziondoa kwenye hesabu ya msimu, na kitaalamu ilikuwa sawa, tarehe haikisiwi. Ila kuna mama aliamka alfajiri kumwekea mwanawe kopo letu. Akiniuliza leo choo kile kilisaidia nini, sina jibu la kumpa. Sampuli zenyewe bado ziko kwenye friza. Kila wanapopanga kusafisha naomba ziachwe, na bado natafuta nani wa timu ile aliyekuwa akiandika nauli zake.