Siku moja maishani mwangu: kuleta basi la shule kutoka Kolwezi

Saa kumi na moja alfajiri. Kolwezi mwezi wa saba baridi inauma vidole. Mimi ni shofa wa shule moja ya Lubumbashi, na leo napeleka nyumbani basi tulilonunua: dogo, la Kijapani, viti 26, usukani kulia. Limetumika miaka mingi, ndiyo maana nimelala chini na tochi kabla ya kuliwasha. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne; mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Matano ni ya 2019. Moja la nyuma, la ndani, limeandikwa 0911. Meno yake bado marefu, lakini mpira wa mwaka 2011 umekauka na unaweza kupasuka ukiwa umebeba watoto. Nikamwambia muuzaji siondoki. Alinung'unika, akatoa jingine.

Saa moja asubuhi tumeshika njia, kilomita kama 300 mbele yetu. Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo mimi mwenye usukani kulia nakaa upande wa majani na sioni kitu mbele ya kamiyo, yaani lori. Macho yangu ni mdogo wangu aliyekaa kushoto. Anachungulia, kisha anasema, "Ngoja, Yaya" (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), au "Wazi, Yaya, pita!" Kamiyo za shaba na kobalti hazina mwisho hapa, na kila mara napita kwa neno lake.

Tumevuka mto Lualaba. Peaji, yaani ushuru wa barabara, risiti, twende.

Saa tatu, karibu na Fungurume, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasimama pembeni, nikazima, nikasubiri nusu saa nzima. Nimeshaona mkono wa makanika ulioungua kwa sababu ya kufungua rejeta ya moto. Kumbe mpira wa maji ulikuwa umelegea kwenye kibano chake. Bisibisi ikatosha, na lita tatu za maji.

Lakini si hilo lililonitia jasho. Mdogo wangu alipofungua mlango ashuke kuchukua bido, dumu la maji, kamiyo ilipita karibu hivi kwamba upepo wake ulimrudisha ndani. Mlango wa basi hili uko kushoto. Kule lilikotoka, kushoto ndiko pembeni mwa barabara. Kwetu, kushoto ni katikati ya barabara. Alikaa kwenye ngazi, mikono inatetemeka, akaniuliza, "Yaya, na mutoto wa miaka ine?"

Sikumjibu.

Likasi tumefika saa sita. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu), mazutu (dizeli) lita 40, tukaondoka. Tangu mto Lufira hadi nyumbani sikuwasha redio. Nilikuwa nawaona wale wadogo wa shule ya chekechea, mikoba mikubwa kuliko migongo yao, wakishuka wanakimbilia mama zao bila kutazama nyuma.

Saa kumi na nusu tuliona bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba cha Lubumbashi na mlima wake mweusi wa mabaki. Getini Mama Direktrisi, mkuu wa shule, alikuwa anatusubiri na nusu ya walimu. Wakapiga makofi, wakapanda, wakajaribu viti. Nilisubiri washuke wote, nikamwambia, "Mama, basi ni zuri. Injini ni nzima. Lakini sitabeba mtoto kabla mlango haujahamia kulia."

"Papa, masomo yanaanza mwezi wa tisa."

"Ndiyo, Mama. Tuna wiki chache, zinatosha."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaenda mwenyewe mpaka kwenye mlango, akashuka ngazi moja moja, polepole, kama mtoto, akatazama mahali mguu wake ulipotua. Akatoa simu, akampigia fundi wa kuchomelea.

Fundi alikuja kabla giza halijaingia. Aligonga bodi upande wa kulia kwa kidole, akisikiliza nguzo za chuma ziko wapi, akapima mara mbili, halafu akachora kwa chaki nyeupe mstari wa mlango mpya.