Uyoga ngumu chini ya avoka ya zamani, njo vile nilitatua

Hapa Bukavu avoka yetu, muti ya zamani sana, ilianza kutoa uyoga ngumu chini ya shina, majani ikapunguka. Tulikata ile uyoga, tukapaka chokaa, ikarudi tu, sababu mwili yake iko ndani ya mbao. Kisha nikakwaruza ile sehemu nyeupe ya chini ya uyoga kwa ukucha, ikageuka kahawia palepale, na unga yake ilikuwa imemwagika pembeni kama kakao: njo Ganoderma, aina ya uyoga yenye inaozesha mbao. Inaozesha mbao polepole lakini muti inaweza kuishi nayo miaka mingi. Njo nikaacha kupigana na uyoga, nikatoa udongo na simenti yenye ilifunika na kubana shina, polepole na mukono, mpaka mizizi ya juu ikaonekana yote, na hapo njo kazi yenyewe! Tukapunguza ncha za matawi kidogo tu. Sasa majani mapya imetoka. Wakati ya upepo watoto wakae mbali, uozo ungali ndani.